Mji wa Jina Moja

Katika mji ule saa hazikuwa na mishale. Iling'olewa zamani, siku Baraza lilipoamua kuwa mshale ni kitu kinachorushwa kwa upinde, si kijiti kinachozunguka ndani ya kioo, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kukipa kile kijiti jina lake chenyewe, kikatolewa. Tangu hapo saa zilining'inia kutani zikitoa mlio wao, na hakuna aliyejua zilikuwa zikisema nini. Watu walikwenda kazini walipoona wenzao wanakwenda. Mtu angeweza kuondoka kwake kijana akarudi ana mvi, asijue ni mchana mmoja umepita au ni umri, na mkewe akampakulia chakula bila kuuliza.

Chupa hazikuwa na shingo. Meza zilisimama, lakini hukuruhusiwa kusema zimesimama kwa miguu. Shikamoo ilifutwa, kwa sababu aliyeitamka hakuwa ameshika mguu wa mtu yeyote. Ndugu alikuwa yule tu mliyetoka naye tumbo moja. Jirani hakuitwa ndugu, mzee wa watu hakuitwa babu, wala mwalimu hakumwita mwanafunzi mwanangu. Kila kitu kilikuwa na jina moja, na kila jina lilikuwa na kitu kimoja. Kukipa kitu jina la kitu kingine kuliitwa kuazima, na kuazima kulikuwa kosa.

Anayesimulia kisa hiki hakai katika mji ule, kwa hiyo ataazima anapotaka. Mtu mmoja aitwaye Sikudhani alikuwa akikaa humo.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini na koti jeupe lililomkaa sawasawa mabegani. Kazi yake ilikuwa kupima watoto. Kila mtoto wa mji ule, alipofika umri wa kujibizana na watu, aliletwa kwenye Nyumba ya Vipimo, akaketishwa kwenye kiti kilichokuwa kirefu kwake, miguu ikielea hewani, akasomewa sentensi moja: Yule mzee ni mlango uliofungwa. Kisha akaulizwa, "Maana yake nini?"

Mtoto aliyejibu kwamba sentensi imeazima, kwamba mzee hapendi kuongea ndiyo maana akaitwa mlango, huyo alihesabiwa kuwa anajua kutenga kweli na maazimo. Alirudishwa kwao. Lakini walioweza kujibu hivyo walikuwa wachache, tena wakubwa wakubwa. Wadogo walisema mzee amerogwa akawa mbao. Wengine walisema labda amekaa karibu na mlango. Wengine walitazama dirishani wakanyamaza. Hao wote walivushwa daraja, wakapelekwa Ng'ambo, kwenye Nyumba ya Kunyoosha, wakafundishwa mpaka wakanyooka. Walirudi watulivu. Walirudi wakikitazama kitu kwanza kabla ya kukitaja, kama mtu anayepima kina cha maji kwa ncha ya mguu.

Sikudhani hakuwa mtu mkatili. Alifundishwa na wapimaji waliomtangulia, nao walifundishwa na waliowatangulia, na wote walikubaliana juu ya jambo moja: mtoto mdogo haelewi maazimo. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kulitilia shaka. Kila mpimaji aliyekuja aliuliza swali lile lile, akapata majibu yale yale, akaamini kuwa ameufahamu utoto. Sikudhani naye aliamini. Aliamini, lakini wakati mwingine, mtoto akishachukuliwa, alibaki amekitazama kile kiti kirefu, na ndani yake kitu fulani kikasogea, kitu ambacho mji haukuwa umekipa jina.

Siku moja akaingia mwanamume aliyemshika mkono mtoto wa kike. Mwanamume huyo, Mbwana, alikuwa fundi wa kupaka chokaa. Weupe wa chokaa ulikuwa umeingia kwenye mistari ya viganja vyake na haukutoka hata akiosha. Mtoto aliitwa Zamda. Hakuwa ameng'oka hata jino moja la utotoni.

"Umeamka, Bi?" Mbwana alisalimia.

"Nimeamka. Karibuni mkae. Nani kamleta mtoto?"

"Nimemleta mwenyewe. Majirani wameanza kumsikia. Nikasema heri nimlete mimi kuliko kuja kuchukuliwa na watu nisiowajua."

"Anaazima?"

Mbwana aliinamisha kichwa. "Mama yake alikufa," alisema.

Kufa ndilo neno pekee mji ule ulilokuwa nalo. Hapakuwa na kututoka, hapakuwa na kutangulia, wala kulala, wala kupumzika. Yote hayo yalikuwa ya kuazima. Mbwana alilitamka lile neno moja jinsi lilivyo, mifupa mitupu, na Sikudhani akaona jinsi lilivyomkwaruza likipita.

"Aliitwa Tumu," Mbwana akaendelea. "Na mtoto huyu amemsahau. Hilo ndilo linaloniumiza, Bi. Kuazima najua ni kosa, lakini mimi linaloniumiza ni hilo. Juzi nimerudi kazini, namkuta uani amekaa ndani ya beseni. Beseni tupu, halina hata tone. Namuuliza unafanya nini, ananiambia, 'Baba, huyu ni mama.' Mwanamke aliyemzaa, akamlea, akamkesha anapoumwa. Leo beseni."

"Na vitu vingine anaviitaje?"

"Mimi ananiita duka lililofungwa." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Kama mnaweza kumnyoosha akamkumbuka mama yake, mnyoosheni. Ila nirudishieni."

Sikudhani alimgeukia mtoto. Hakumsomea ile sentensi ya mzee na mlango. Aliona ile ya mtoto mwenyewe inatosha.

"Zamda. Umesema mama ni beseni. Maana yake nini?"

Zamda alimtazama kwa muda mrefu, si kwa woga bali kwa mashaka, kama mtu aliyeulizwa maana ya maji.

"Ni beseni tu," alisema.

"Kwa hiyo si mama?"

"Ni mama."

Kwa sheria ya nyumba ile kipimo kilikuwa kimekwisha. Mezani palikuwa na kengele ya shaba, na kilichobaki kilikuwa kuigonga, mlango wa pili ufunguke, mtoto avushwe. Sikudhani aliunyoosha mkono. Mkono ukafika juu ya kengele, ukasita. Baadaye watu walipomuuliza kwa nini alisita, hakuwa na jibu la maana. Alisema tu kwamba wakati ule mtoto alikuwa akiangaza huku na huku chumbani, chini ya meza, nyuma ya mlango, halafu akauliza kwa adabu kabisa:

"Bi, nyinyi hamna beseni?"

Beseni lilikuwepo, kwenye chumba cha wafagiaji, la bati, pana, limebonyea upande mmoja. Sikudhani alikwenda kulichukua mwenyewe. Akaliweka sakafuni. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mpimaji aliyewahi kulifanya katika nyumba ile: alivua koti lake jeupe, akalitundika kwenye kiti, akaketi chini.

Alipokuwa akishuka, kimo chake kilipungua. Katika mji ule mambo kama hayo yalitokea na hayakumshangaza mtu. Sikudhani alipogusa sakafu alikuwa sawa na Zamda, bega kwa bega. Koti lake lilikuwa juu huko, limesimama kwenye kiti kama mtu mzima aliyekunja uso. Aliuona upande wa chini wa meza kwa mara ya kwanza: mbao ambazo hazikupigwa randa, utando wa buibui, alama za vidole vya watoto waliokaa pale wakapapasa kwa siri. Akalitazama lile swali kutoka chini. Maana yake nini. Lilikuwa refu kama ukuta. Halikuwa na pa kushika.

Mtoto hajui? Au anajua na hana pa kupandia? Ninayemwambia panda juu unieleze, nimewahi kumteremkia? Mtu aliye ndani ya maji anaambiwa toka kwanza, jikaushe, ndipo useme umelowa. Na asipotoka, tunaandika kwamba hakuwahi kuyaona maji.

Hayo yalimpita kichwani. Alichosema kwa mdomo kilikuwa neno moja.

"Nionyeshe."

Uso wa Zamda ulifunguka. Aliingia ndani ya beseni, akakunja magoti mpaka kifuani, akalaza shavu kwenye ukingo. Akagusa bati upande wa kulia. "Huku," alisema. Akagusa kushoto, "na huku," akapeleka mkono nyuma ya mgongo wake, "na huku." Halafu akatulia. Halafu akakunja kipaji cha uso.

"Hili la baridi," alisema.

"La nyumbani je?"

"La nyumbani linapigwa na jua. Linakuwa la moto, lakini halichomi. Lile ndilo mama." Akajitoa taratibu. "Hili siyo. Hili ni beseni."

Mbwana, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, aliegemea ukuta. Chokaa ya mgongoni mwake ikaacha alama.

Sikudhani aliuliza tena, na safari hii aliuliza kwa sababu alitaka kujua. "Lile la nyumbani linaweza kukusuka nywele?"

Zamda alicheka. "Halina mikono."

"Linakuimbia?"

"Bi, beseni haliimbi."

"Na mama alikuwa akiimba?"

"Alikuwa akiimba." Akafikiri kidogo. "Lakini vibaya."

Kutoka ukutani ilisikika sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Sikudhani hakugeuka. Aliogopa akigeuka atasimama, na akisimama hataweza kuuliza la mwisho.

"Zamda, mama yako yuko wapi?"

Mtoto alianza kukwangua kutu kwenye beseni kwa ukucha.

"Amekufa," alisema. "Yuko kule chini, penye miti ya mivinje. Baba alipaka mawe yake chokaa. Anadhani sikumwona, nilimwona." Aliendelea kukwangua. "Haji tena. Kwa hiyo mimi nakwenda kwenye beseni."

Hapakuwa na zaidi. Sikudhani alisimama, na aliposimama kimo chake kilimrudia, lakini hakikurudi chote. Alipolivaa koti lake lilimpwaya mabegani, mikono ikafunika vidole, na hivyo ndivyo lilivyobaki kumkaa tangu siku hiyo.

"Hajamsahau," alimwambia Mbwana.

Mbwana aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amefumba macho.

Mkuu wa Nyumba ya Vipimo alikuwa Bi Kidawa, mwanamke mzee mwenye mgongo ulionyooka na desturi ya kusikiliza mpaka mwisho. Ofisini kwake waliketi pia wajumbe wawili wa Baraza, ambao kazi yao ilikuwa kusikia na kukumbuka. Sikudhani aliwaingiza Mbwana na Zamda, akaeleza yote. Akasema swali lao linapima jambo jingine. Linapima kama mtoto anaweza kusimama nje ya maneno yake akayafafanua, na hilo kweli mtoto mdogo hawezi, hata watu wazima wengi hawawezi. Lakini kuelewa ni jambo jingine, nalo lilikuwepo. Lilikuwepo tangu zamani, chini ya meza, na wao walikuwa wamekaa juu.

Bi Kidawa hakukasirika.

"Unajua kwa nini tulianza kupima watoto?" aliuliza.

"Nimefundishwa kuwa ni kwa ajili ya usalama."

"Umefundishwa vizuri. Mimi sikufundishwa. Nilikuwepo." Alikunja mikono yake juu ya meza. "Nilikuwa mtoto wa umri wa huyu. Mtaa wetu watu waliishi vizuri. Kisha pakaanza neno. Sijui nani alianza. Wakasema sisi, watu wa upande wa chini, ni magugu. Mwanzoni walicheka walipolisema. Na sisi tulicheka. Ndugu yangu mkubwa alikuwa akijiita gugu akichelewa kuoga." Aliendelea kwa sauti ile ile. "Asubuhi moja wakatoka na majembe. Mama alinitia ndani ya pipa la mtama, akanifunika. Nikawa naona kwa ufa. Aliyeingia kwetu alikuwa jirani, mtu aliyekuwa akinimenyea miwa. Mama alimwita kwa jina lake. Akamjibu, 'Tunapalilia tu.' Alisema kwa sauti ya mtu aliye shambani, aliyechoka kidogo, anayetaka kumaliza kabla jua halijawa kali."

Mjumbe mmoja alitazama pembeni.

"Kwa hiyo, Sikudhani, usiniambie kuazima ni mchezo wa mtoto na beseni. Nimeona neno likishika mpini. Sisi tuliobaki tuliapa kwamba katika mji huu hakuna kitu kitakachopewa jina la kitu kingine tena. Tumepoteza mengi kwa kiapo hicho. Nayajua tuliyopoteza. Wakati mwingine nikiwa peke yangu nataka kusema jinsi mama yangu alivyokuwa, na sina la kusema ila kwamba alikuwa mama yangu."

Sikudhani alikuja na hoja zake zote zimepangwa, na sasa aliziona ndogo, kama mtu aliyebeba taa ya mkononi akakuta nyumba nzima inawaka. Alilitazama koti lake lililompwaya. Alichoweza kusema ni, "Basi muulize wewe. Muulize unachokiogopa. Ila usimuulize maana. Mwambie akuonyeshe."

Bi Kidawa alimtazama Zamda, na Zamda akamtazama yeye.

"Nimesikia unasema baba yako ni duka lililofungwa," Bi Kidawa alisema. "Nionyeshe."

Zamda alitembea mpaka kwa baba yake. Mbwana alipiga goti ili wawe sawa. Mtoto alikunja ngumi, akagonga kifuani mwa baba yake, taratibu, juu ya vifungo vya shati.

"Hodi," alisema.

Akasubiri. Akagonga tena.

"Hodi." Kisha akamgeukia Bi Kidawa akaeleza, kama mtu anayemwelekeza mgeni mtaani. "Vitu vimo ndani. Lakini mwenyewe hafungui."

Mbwana alikuwa ameuma midomo. Hakumgusa mtoto, hakusogea. Alikuwa kama anaogopa kwamba akipumua kwa nguvu yale maneno yataanguka.

Bi Kidawa aliinuka. Alizunguka meza, akaja mbele ya mtoto, na safari hii hata sauti yake ilibadilika, ikawa kavu na ya karibu. Wote chumbani walijua kwamba hiki ndicho kipimo chenyewe.

"Vizuri. Ni duka, na mlango umefungwa, na vitu vimo ndani. Mimi nataka sukari. Nikileta shoka nikauvunja mlango huu, nitaipata?"

Zamda alirudi nyuma hatua moja, akasimama mbele ya baba yake, mgongo ukigusa magoti yake.

"Hapana," alisema. "Ataumia. Ni baba."

Saa ya ukutani, isiyo na mishale, ilisikika ikigonga kile isichoweza kukisema. Bi Kidawa alisimama mahali pale pale, na machoni pake palipita watu. Kwa muda fulani hakuwa mzee. Alikuwa mdogo, amechutama, ana punje za mtama kwenye nywele. Halafu akawa mzee tena.

"Siku ile," alisema, na hakuwa akimwambia yeyote, "watu walikuwa wengi sana barabarani. Wengine hawakushika chochote, walisimama tu wakitazama. Hakuna hata mmoja aliyesema hivyo. Ni maneno mepesi. Wataumia, ni watu. Hakuna aliyeyasema."

"Walibaki na nusu," Sikudhani alisema polepole; alikuwa akilielewa jambo lile wakati ule ule linapomtoka. "Walisema 'ni', wakasahau 'si'. Mtoto huyu ameshika zote mbili. Beseni ni mama, na beseni si mama. Baba ni duka, na duka haliumii, yeye ataumia. Sisi tukaona dawa ni kuwanyang'anya nusu ya kwanza. Lakini ile ya pili wataijuaje kama hawaijui ya kwanza? Mtoto ambaye hajawahi kuita kitu kwa jina lisilo lake, siku akija mtu na neno kama lile la magugu, atatumia nini kulikataa? Ataamini. Tumemfundisha kwamba kila jina ni la kweli."

Mjumbe aliyekuwa akitazama pembeni alifunika uso wake kwa viganja.

Bi Kidawa alirudi kitini. Alikaa muda mrefu. Mtu mwenye saa nzima huenda angeweza kusema ni muda gani. Alipozungumza alizungumza kama mkuu wa ofisi, bila kupamba.

"Sheria sitaifuta leo. Si yangu peke yangu, na watu bado wanaogopa. Mimi mwenyewe bado naogopa. Mtoto atarudi kwao. Swali la maana yake nini lisiulizwe tena katika nyumba hii. Na wale walioko Ng'ambo wapimwe upya, kwa beseni, kwa vijiti, kwa vyovyote watakavyotaka kuonyesha." Akamtazama Sikudhani. "Utakwenda wewe. Usiwakimbize. Nenda, mwanangu."

Neno lile lilitoka na likakaa mezani mbele ya wote. Bi Kidawa hakuwa amezaa. Wajumbe, ambao kazi yao ilikuwa kusikia na kukumbuka, walitazama mikono yao.

Sikudhani alijaza kapu: vijiko, mawe laini, vipande vya kitambaa, gurudumu la gari la kuchezea, kombe la konokono. Hakujua bado atakayoyakuta. Huko Ng'ambo baadhi ya watoto wangeshika kijiko, wakakilaza kwenye kitambaa na kukifunika, wakasema shii, amelala. Na wengine, waliokaa sana wakanyooka sana, wangekitazama kijiko na kusema kijiko, na kesho yake kijiko, naye angelazimika kukaa nao sakafuni, akilaza kijiko mwenyewe, akikifunika mwenyewe, mpaka mmoja wao anyooshe mkono bila kuambiwa akakivuta kitambaa kidogo ili kijiko kisikose hewa. Wapo ambao hawakunyoosha mkono kamwe. Hao nao alikaa nao.

Lakini hayo yalikuwa mbele. Mchana ule alitoka na kapu lake akiongozana na Mbwana na Zamda, kwa kuwa njia ya darajani na njia ya kwao ilikuwa moja mpaka kwenye kona ya kinu. Walitembea bila haraka. Mbwana alikuwa amembeba mtoto, kisha mtoto akataka kushuka, akashushwa. Watu walipishana nao wakisalimiana umeamka, nimeamka, ingawa jua lilikuwa limeshapita utosini.

Ndipo Zamda akauliza, akitazama mbele, kama anauliza jambo la kawaida.

"Baba, kwako wewe mama ni nini?"

Sikudhani alipunguza mwendo ili awaachie nafasi, lakini barabara ilikuwa nyembamba na sauti ilimfikia. Mbwana alitazama nyuma, akatazama pembeni. Mzee mmoja alikuwa amekaa barazani akichambua mchele. Mbwana alijikohoza. Mtu ambaye maisha yake yote hajaazima hajui pa kuanzia. Sikudhani alimwona akipapasa hewani kwa mkono mmoja, mkono wenye chokaa, kama anayetafuta kitu gizani.

"Mama," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa nzito, "ni kidato cha ngazi. Kidato kilichovunjika. Kila asubuhi nashuka, mguu unakitafuta pale pale kilipokuwa. Haukikuti. Na kesho yake unakitafuta tena."

Zamda alitembea hatua kadhaa akilifikiria jambo hilo.

"Lakini ngazi yetu haijavunjika, baba."

"Najua," Mbwana alisema.

Mtoto aliinua uso akamchunguza vizuri, akaridhika, akaushika mkono wake, na kwenye kona ya kinu wakakata kushoto.